Kutoka Kibaba hadi Kilo: Ujazo na Uzito katika Soko na Jiko la Afrika Mashariki

Kwa muda mrefu wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki walipima mali zao kwa njia mbili zilizokwenda sambamba. Bidhaa za kusafirishwa mbali, kama pembe za ndovu, karafuu, sandarusi na nta, zilipimwa kwa uzito, yaani kwa kulinganishwa na mawe ya mizani, ilhali nafaka na vyakula vingine vya kila siku vilipimwa kwa ujazo, yaani kwa nafasi ambayo chakula kiliijaza ndani ya chombo kinachojulikana. Historia ya vipimo vya chakula katika eneo hili ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kukivusha chakula kutoka njia ya pili hadi ya kwanza. Kazi hiyo ilianza zamani kabla ya kilo kufika, na haikuwahi kuwa suala la hesabu peke yake, kwa sababu uzito unaoingia katika chombo kimoja hutegemea aina ya chakula, hali yake na, zaidi ya yote, mkono unaokijaza chombo hicho.

Vipimo vya uzito vilivyotumika Unguja katika karne ya 19 vilianzia kwenye wakia, ambayo ilikuwa uzito wa reale moja ya fedha, ile sarafu ya Austria yenye sura ya Maria Theresa iliyozagaa katika biashara yote ya Bahari ya Hindi na ambayo ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi. Wakia 16 zilifanya ratili moja, ratili tatu zilifanya mani moja, na mani 12 zilifanya frasila, ambayo kwa vipimo vya leo ni takriban kilo 16. Upande wa ujazo, kipimo cha chini kilichotumiwa na kila nyumba kilikuwa kibaba. Vibaba viwili viliitwa kisaga, na vibaba vinne, au visaga viwili, viliitwa pishi. Juu ya ngazi hizo mbili palikuwa na kipimo kimoja kilichoziunganisha, nacho ni jizla, iliyohesabiwa kuwa pishi 60 kwa upande mmoja na frasila 10 kwa upande wa pili. Kutokana na ulinganifu huo, pishi ilichukuliwa kuwa na uzito wa ratili sita, sawa na kilo 2.7 hivi, na kibaba kuwa ratili moja na nusu, yaani karibu gramu 680.

Ulinganifu huo wa jizla unastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa unaonyesha kwamba wafanyabiashara wa pwani walikuwa na njia yao ya kugeuza ujazo kuwa uzito kabla ya wakoloni kuleta vitabu vyao vya hesabu, na kwamba walijua pia mipaka ya njia hiyo. Pishi ya ratili sita ilikuwa pishi ya nafaka iliyokauka vizuri. Mtama uliovunwa karibuni na ambao bado una unyevunyevu, mpunga ambao haujakobolewa, kunde au muhogo uliokatwakatwa na kuanikwa havikuweza kutoa uzito ule ule katika chombo kile kile, maana kila chakula kina msongamano wake, yaani kiasi cha uzito kinachobebwa na nafasi fulani, na punje kubwa au vipande vyenye pembe huacha kati yake mapengo ya hewa ambayo mnunuzi huyalipia kana kwamba ni chakula. Tena pishi yenyewe haikuwa na ukubwa mmoja katika miji yote ya pwani, hivyo mfanyabiashara aliyetoka mji mmoja kwenda mwingine alilazimika kuuliza kwanza pishi ya pale ilikuwa ipi kabla ya kukubaliana bei.

Hata ndani ya mji mmoja, chombo kimoja kiliweza kutoa vipimo viwili. Waandishi wa kamusi za Kiswahili wa karne ya 19, akiwamo Edward Steere aliyeishi Unguja, waliandika tofauti kati ya kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Kibaba cha tele kilikuwa kile kilichojazwa hadi nafaka ikasimama juu ya ukingo kama kichuguu, na kibaba cha mfuto kilikuwa kile ambacho mpimaji alipitisha kijiti au kiganja juu ya mdomo wa chombo ili kukiweka sawasawa. Tofauti kati ya viwili hivyo si ndogo, kwa kuwa chombo chenye mdomo mpana na kimo kifupi huweza kubeba juu ya ukingo sehemu kubwa ya kile kinachobebwa ndani, na ndiyo maana umbo la chombo lilikuwa na maana sawa na ukubwa wake. Neno moja tu katika mapatano, tele au mfuto, lilitosha kubadili bei ya shehena nzima ya mtama.

Njia hizi mbili za kupima zilionekana bega kwa bega katika misafara iliyotoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa kwenda bara. Mzigo wa mpagazi ulihesabiwa kwa frasila, na mzigo wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, ulikuwa wa kawaida, lakini posho ya mpagazi huyo huyo, yaani chakula alichopewa kwa siku, ilihesabiwa kwa kibaba, na kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu mmoja kwa siku kikawa ndicho kiwango kilichozoeleka. Mgawanyo huo ulikuwa na sababu ya kiutendaji, kwani mizani ni chombo cha kubeba, cha kutunza na cha kuaminiwa, ilhali kibaba kiliweza kuwa kifuu cha nazi au kibuyu kilichokatwa, na watu wengi waliweza kugawiwa chakula upesi, kila mmoja akishuhudia kwa macho yake kwamba chombo kimejaa. Hata hivyo ni dhahiri nani aliyefaidika na nani aliyepunjika pale msafara ulipopungukiwa chakula: pembe ilibaki kuwa na uzito ule ule hadi pwani, bali kibaba kiliweza kupunguzwa ujazo bila kupoteza jina lake.

Mahali ambapo ujazo na uzito vimeendelea kuishi pamoja kwa muda mrefu zaidi ni katika zao la karafuu la Unguja na Pemba. Karafuu huuzwa kwa uzito zikiwa kavu, zamani kwa frasila na sasa kwa kilo, kwa Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar ambalo ndilo mnunuzi wa zao hilo, lakini mchumaji hulipwa kwa pishi ya karafuu mbichi alizozichuma na kuzichambua siku hiyo. Kati ya pishi ya mchumaji na kilo ya shirika kuna hatua kadhaa zinazobadilisha uhusiano wa vipimo hivyo viwili. Kwanza vikonyo, ambavyo kwa wingi huitwa makonyo, hutengwa na matumba. Kisha matumba huanikwa juu ya majamvi au sakafu kwa siku kadhaa za jua, na katika kukauka huko hupoteza takriban theluthi mbili za uzito wake. Mwenye shamba anayelipa kwa pishi anajua kwa uzoefu pishi ngapi mbichi zitampa kilo ngapi kavu, na uzoefu huo hubadilika kulingana na mvua, ukomavu wa matumba wakati wa kuchuma na uangalifu wa mwanikaji. Mchumaji naye hana haja ya kuijua hesabu hiyo, kwa kuwa kazi yake inakwisha pale pishi inapojaa. Jambo linalomhusu ni pishi hiyo imetengenezwa na nani na inajazwa kwa tele au kwa mfuto. Katika visiwa ambavyo watu wengi wamepata fedha zao za mwaka kwa kazi hiyo, ukubwa wa kopo la kupimia umekuwa suala la riziki.

Dini nayo ilikuwa na sehemu yake katika kuhifadhi vipimo vya ujazo, na pengine ndiyo iliyovitunza kuliko soko. Zaka ya fitri, ambayo Mwislamu hutakiwa kuitoa mwishoni mwa mwezi wa Ramadhani kwa ajili yake na kwa ajili ya watu anaowatunza, ilipangwa kwa kipimo cha Kiarabu kiitwacho saa, ambacho kina mudi nne, na mudi moja ni kiasi cha kujaza viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokutanishwa. Walimu wa pwani walipofundisha hukumu hizo kwa Kiswahili waliiita saa pishi na mudi kibaba, na kwa bahati njema ukubwa wa vipimo vya pande zote mbili ulikaribiana kiasi cha kuufanya ulinganisho huo uwe na manufaa. Kwa kuwa leo mchele hununuliwa kwa kilo, masheikh hutangaza kiwango cha zaka kwa uzito, na kiwango kinachotajwa mara nyingi ni kilo mbili na nusu za mchele, ingawa wapo wanaohimiza kuzidisha hadi kilo tatu ili kuondoa shaka. Kuzidisha huko kuna msingi wa kielimu, kwa sababu saa ni nafasi. Saa ya tende, saa ya shayiri na saa ya mchele hazina uzito mmoja, na anayeigeuza saa kuwa kilo hulazimika kwanza kutaja ni chakula gani kinachopimwa. Hapa, katika kanuni ya ibada, sharti ambalo wafanyabiashara waliliacha bila kulitaja liliwekwa wazi.

Mboga hazikuingia katika ngazi yoyote kati ya hizo mbili. Mchicha, kisamvu, majani ya kunde na matembele havikupimwa kwa kibaba wala kwa ratili. Viliuzwa kwa fungu, yaani kiasi kilichokusanywa au kufungwa pamoja na kukadiriwa kwa jicho, na hadi leo ndivyo vinavyouzwa katika masoko mengi. Sababu zake ni za kimaumbile. Majani hunyauka na kupoteza maji tangu yanapochumwa, hivyo mboga iliyopimwa kwa mizani alfajiri haina uzito ule ule adhuhuri, na muuzaji anayenyunyizia majani maji ili yasikauke huongeza uzito bila kuongeza chakula. Ujazo nao haufai, kwa kuwa majani hushindiliwa kadiri mtu anavyotaka. Fungu, pamoja na nyongeza ambayo mnunuzi huiomba na muuzaji huitoa kwa mkono wake, lilikuwa makubaliano ya macho mawili juu ya kitu kinachoonekana chote, na kwa mboga za majani hakuna chombo kilichowahi kulishinda kwa uaminifu.

Mambo yalibadilika kwa mboga ngumu, yaani viazi, vitunguu, nyanya na karoti, pale zilipoanza kusafirishwa kutoka nyanda za juu kwenda mijini. Chombo kilichozibeba katika hesabu kilikuwa debe. Mafuta ya taa yaliingizwa Afrika Mashariki kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 katika makopo ya bati ya mraba yenye ujazo wa galoni nne za Kiingereza, sawa na lita 18 hivi, na kopo lililomaliza mafuta halikutupwa: lilitumika kutekea maji, kuezekea paa na kupimia nafaka. Kwa kuwa makopo hayo yalitengenezwa viwandani kwa ukubwa mmoja, debe likawa kipimo cha kwanza cha ujazo kilichofanana kutoka Mombasa hadi Kigoma bila serikali yoyote kuamuru, na kwa sababu hiyo lilivisukuma pembeni pishi na kibaba kwa kasi ambayo sheria isingeweza kuifikia. Gunia la mazao likahesabiwa kwa madebe, kwa kawaida madebe sita nchini Tanzania. Baadaye ndoo ya plastiki ya lita 20 ilichukua nafasi ya debe la bati pamoja na jina lake, na kwa wanunuzi wadogo vikaja visado, yaani ndoo ndogo za lita nne hivi zilizowahi kubeba rangi au bidhaa nyingine za dukani, huku Kenya wakitumia gorogoro, kopo linalobeba takriban kilo mbili za mahindi.

Mfumo wa uzito, kwa upande wake, ulibadilishwa na watawala mara tatu katika muda usiozidi miaka 90. Wajerumani waliokuja Tanganyika walikuja na kilo, kwa kuwa nchi yao ilikuwa imeshika mfumo wa metriki tangu 1872. Waingereza waliowafuata walileta pauni yao, ambayo Waswahili waliiita ratili kwa kuwa ilikaribiana na ratili ya zamani. Na mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali huru za Tanzania na Kenya zilianza kuzipeleka nchi zao kwenye metriki, kwa kilo, lita na mita. Katika mabadiliko hayo yote debe lilibaki pale pale. Mizani ilibadilishwa mawe yake, lakini mkulima wa kijijini aliyeuza viazi hakuwa na mizani, na mnunuzi aliyefika na lori alikuwa na gunia.

Hapo ndipo lumbesa ilipopata nguvu. Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, kisha likaongezewa juu kilemba kilichoshikiliwa kwa kamba au kwa kipande cha gunia jingine, na likanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Ni kibaba cha tele kilichokuzwa mara mia, isipokuwa kwamba katika kibaba cha tele pande zote mbili zilitaja aina ya kipimo mwanzoni, na katika lumbesa anayetaja ni mnunuzi peke yake. Mzee mmoja wa Njombe au kijana wa Nyandarua, akiwa na viazi vilivyokwisha kuchimbwa na ambavyo vitaoza, hana nafasi ya kukataa. Sheria ya Vipimo ya Tanzania, Sura ya 340, inayosimamiwa na Wakala wa Vipimo ulioanzishwa mwaka 2002, inataka mazao yauzwe kwa uzito, na gunia lisizidi kilo 100. Nchini Kenya kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko. Kanuni hizo ni za haki na zilichelewa, lakini ugumu wa kuzitekeleza unatokana na jambo lile lile lililoonekana tangu enzi za jizla: penye mizani ya uhakika mkononi mwa muuzaji, uzito humlinda, na pasipo na mizani hiyo uzito hubaki neno katika sheria wakati ujazo ndio unaolipwa.

Jikoni suala hili lilichukua sura nyingine, kwa sababu mpishi hanunui wala hauzi bali anataka chakula kitoke kama kilivyotoka jana. Mapishi ya kuandikwa yalifika Afrika Mashariki kwa njia ya shule, misheni na baadaye somo la sayansi kimu, yakiwa na mifumo miwili ya kigeni: ule wa Ulaya uliopima viungo kwa uzito, na ule wa Marekani uliopima kwa kikombe na kijiko. Mfumo wa Marekani ulipata nidhamu yake kutokana na Fannie Farmer, ambaye kitabu chake cha shule ya mapishi ya Boston kilichotolewa mwaka 1896 kilisisitiza kwamba kikombe kijazwe na kusawazishwa juu kwa kisu, kanuni ambayo muuza mtama wa Unguja angeitambua mara moja kuwa ni mfuto. Kikombe cha Marekani kina mililita 237 hivi na cha metriki kina 250, wakati kikombe cha chai cha nyumbani huweza kuwa kidogo zaidi ya vyote viwili, hivyo msomaji wa Kiswahili anayekutana na maelekezo ya vikombe huanza na shaka kabla hajagusa chakula.

Kwa unga na mchele shaka hiyo hurekebishika, kwa sababu ni vyakula vya punje: kikombe cha metriki cha mchele mbichi kina karibu gramu 200, na cha unga wa ngano usioshindiliwa karibu gramu 125. Kwa mboga tatizo ni kubwa zaidi, kwani kisu cha mpishi hubadilisha kipimo. Kikombe cha kitunguu kilichokatwa vipande vidogo kina takriban gramu 160, lakini kitunguu hicho hicho kikikatwa mapete makubwa huacha mapengo na uzito hupungua. Karoti iliyokatwa vipande hutoa kama gramu 130 kwa kikombe, na iliyokwaruzwa, ambayo hukaa kwa kulegea, hutoa kama 110. Mfano ulio mkali kuliko yote ni wa mchicha. Kikombe cha majani mabichi, yasiyoshindiliwa, kina gramu 30 au pungufu, na kikombe cha mchicha uliopikwa kina takriban gramu 130, kwa kuwa moto huvunja kuta za majani, huondoa hewa iliyokuwa kati yake na kuyalaza yote chini ya sufuria. Maelekezo yanayosema vikombe viwili vya mchicha bila kueleza kama ni kabla au baada ya kupikwa yanaacha kosa la zaidi ya mara nne, na mwandishi wa mapishi anayejali wasomaji wake hana udhuru wa kuacha kulitaja.

Ndiyo sababu wapishi wa shughuli, wale wanaoitwa kupika pilau na biriani za harusi katika miji ya pwani, hawakushika mfumo mmoja. Mchele, nyama na vitunguu huviagiza kwa kilo, kwa sababu vinanunuliwa dukani na sokoni na gharama yake lazima ijulikane kabla. Nazi huzihesabu kwa idadi. Maji huyapima kwa chombo kile kile kilichotumika kupimia mchele, ili uwiano wa kimoja kwa kingine usitegemee ukubwa wa chombo wala usahihi wa mizani. Na kotimiri huiagiza kwa mafungu, kisha wakaikata na kuionja mpaka itoshe.